Mauwa na Maji ya Kuhesabiwa

Mauwa alizaliwa Wamaza, upande wa Kabambare, katika nyumba ambamo baba alikwenda musikitini Ijumaa, mama alikwenda misa Jumapili, na jioni wote walikula sahani moja. Kule kwao hilo si jambo la kushangaza. Alikuwa mwanamuke murefu, wa maneno machache, na akibeba mutungi kichwani hakuushika, mikono yake ilikuwa inatembea tu kama ya mutu asiye na muzigo. Akitwanga mupunga, muchele ulitoka muzima-muzima, huoni chenga. Mimi natwanga tangu utoto na sikufikia mukono wake, na mimi si mutu wa kusifia watu ovyo.

Bulaimu, mume wetu, alikuwa fundi wa nguo pale Kasongo. Mashini yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Mugiriki mumoja. Nasema mume wetu: mimi nilikuwa muke mukubwa, Mauwa mudogo. Bulaimu alipotaka kumuoa hakuniomba ruhusa, aliniambia tu, na nilikaa juma zima bila kumujibu salamu. Lakini siku Mauwa alipofika, ni mimi niliyekaa mulangoni na beseni, nikamuosha miguu kwa maji ya mutungi wangu, vile wake wakubwa wanafanya. Ukishamuosha mwenzako miguu, umekwisha. Huwezi kesho kusema humujui.

Shida ilikuwa sheria. Ile miaka ya mwisho ya Wabeleji walikataza katika sité, ile mitaa ya watu weusi ya muji: mwenye wake wawili tangu zamani avumiliwe, lakini kuoa wa pili sasa, hapana. Ukijulikana, muke anarudishwa kwao, ama munatolewa wote katika sité na vyungu vyenu. Bulaimu alimuoa Mauwa baada ya ile sheria, mbele ya mwalimu wa musikiti, kimya-kimya. Basi watu wa kuandika majina walipopita, mimi ndiye niliyejibu. Nikasema, "Huyu ni mudogo wangu wa damu, mume wake alimuacha." Wakaandika, wakaenda. Mutaa wote ulijua ukweli, na mutaa wote ulifunga mudomo, maana kila nyumba ilikuwa na mutu wake wa kuficha: huyu shemeji asiye na kitabu cha kukaa sité, yule mupwa aliyekimbia shamba la pamba.

Tukaishi hivyo, si vibaya. Mutoto wangu wa mwisho, Feza, alizoea mugongo wa Mauwa kuliko wangu. Mimi kiuno kilikuwa kimeharibika tangu nilipomuzaa, na Mauwa alimuchukua bila kuambiwa.

Kisha maji yakaja. Kwanza yaliletwa barabarani, robine moja ya kufungulia maji kwa mutaa, wanawake tunapanga ndobo zetu, tunagombana, tunacheka. Halafu wakasema wataingiza robine ndani ya kila lupango, yaani uani mwa kila nyumba ya barabara yetu, pamoja na kontere. Kontere ni kile kichuma cha kupima maji, cha ukubwa wa kichwa cha mutoto kinachofungwa kwenye bomba. Kina uso wa kioo na sindano ndogo ndani. Ukifungua maji, sindano inazunguka. Ukifunga, inalala.

Aliyekuja kukifunga aliitwa Antoine, ajan, mutumishi wa idara ya maji, mutu wa Kindu, kofia ya kaki na sauti ya pole. Kazi yake aliijua. Lakini katika kila nyumba, kabla ya kuchimba, aliuliza: "Muko watu wangapi humu?"

Lile swali ndilo lililoharibu kila kitu.

Jioni ile tulikutana kwenye robine ya barabarani, ambayo ilikuwa karibu kung'olewa. Emilienne, jirani wangu wa ng'ambo ya barabara, muke wa katekista, akaweka ndobo chini, akashika kiuno.

"Munaona werevu wao?" akasema. "Wanatuuliza watu, kisha wanatufungia saa. Ile sindano inajua, mama zangu. Mutu mumoja akioga, inazunguka hivi. Wawili, inazunguka hivi. Mwisho wa mwezi wanakuja kusoma: nyumba hii walisema watano, maji yanasema wanane. Wale watatu iko wapi? Muwatoe!"

"Na mutu akioga mara mbili?" nikamuuliza.

"Basi wewe ni watu wawili, Mama Feza. Na kwa vile uko munene, hawatashangaa."

Wanawake wakacheka mpaka ndobo ya mutu ikamwagika. Lakini walirudi kwao wakiwa wanahesabu watu wao kwa vidole.

Usiniulize kama tuliamini. Wabeleji walikuwa wamehesabu vichwa vyetu, mbuzi, migazi ya mawese, magunia ya pamba. Kuhesabu maji, hiyo ilikuwa na ajabu gani? Basi kontere zilipofungwa, kila nyumba ikafanya akili yake. Emilienne alifunika yake kwa kikapu, ili isione. Muzee mumoja alikuwa anaisalimia asubuhi, "Jambo, Bwana," kama karani wa Bulamatari, serikali ya Wabeleji. Katika musikiti watu waliuliza kama maji yaliyopimwa yanafaa kwa kutawadha, na mwalimu akajibu kwamba maji yaliyopimwa yanaosha sawa na yasiyopimwa, waache kumuchelewesha. Na ile njia ya kijito, kule bondeni, ambayo majani yalikuwa yameanza kuifunga, ikafunguka tena. Asubuhi ungekuta mutaa wote unashuka na mitungi, kila mutu anamuambia mwenzake kwamba maji ya kijito ni matamu zaidi.

Mimi sikushuka. Mimi sikuzaliwa kuogopa kichuma. Nilifungua robine yangu mpaka ikaimba.

Bulaimu ndiye aliyeogopa. Kwenye baraza ya duka, wateja walimusikilizisha maneno kutwa nzima, na mutu anayekanyaga mashini hana pa kukimbilia. Siku moja saa sita akarudi nyumbani mapema. Mauwa alikuwa uani, ameinama kwenye robine na chungu, anataka kuosha muchele.

"Mauwa, acha," Bulaimu akasema. "Tangu leo usiguse maji ya nyumba hii. Ya kwako utafute mutoni."

Alisema hivyo kama mutu anayesema funga mulango, mvua inakuja. Mauwa akaweka chungu chini taratibu.

"Umesema nini, bwana?"

"Nimesema usiguse maji ya nyumba hii. Mpaka mambo haya yapite."

Lakini ile ya mwisho nadhani hakuisikia tena. Aliinuka, akakaza kitenge chake, akaingia ndani mwake. Mimi nilikuwa ninachambua sombe, majani ya muhogo. Nilifikiri amenuna, na nikasema moyoni, atanuna mpaka kesho.

Hakununa. Alikuwa na adabu kuliko zamani, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Asubuhi alishuka kijitoni na mutungi wake mudogo, akapika kwa maji yale chakula chake mwenyewe, akafagia uani, akamubeba Feza. Siku yake ya kumupikia Bulaimu ilifika, hakupika. Bulaimu akasimama mulangoni pake, na Mauwa akamuambia, "Baba Feza, kwa heri, upumzike salama." Baba Feza! Hivyo ndivyo majirani walivyomuita. Yeye siku zote alimuita bwana wangu.

Bulaimu akaja kwangu anajikuna kichwa. "Mudogo wako ana nini?"

"Uliyemuoa ni wewe," nikamuambia. "Muulize."

Hakuuliza. Wanaume wanaogopa jibu kuliko wanavyoogopa Bulamatari. Niliyeuliza ni mimi, kwenye kinu, tulipokuwa tunapokezana muchi.

"Mudogo, juu ya nini unafanya hivi?"

"Yaya," akasema, kama anavyoitwa dada mukubwa, "mimi si muke wa mutu tena. Ninangoja kaka yangu tu. Nimetuma neno kwa watu wa Wamaza waliokuja kuuza karanga."

Nikaacha kutwanga. Naye akanieleza, polepole, kama mutu anayemueleza mugeni njia. Kwao, katika ukoo wa baba yake, mwanamume anayemuacha muke hapigi kelele wala haandiki karatasi. Anasema neno moja: usiguse maji ya nyumba hii. Basi, imekwisha. Shangazi yake aliachwa hivyo, kata ingali mukononi.

"Lakini Bulaimu hakujua!" nikasema. "Yeye ni mutu wa hapa. Aliogopa kontere tu."

"Najua. Lakini nilimuuliza mara ya pili, na akarudia."

"Basi ngoja nimuambie."

"Usimuambie, Yaya." Akashika mukono wangu, na ile ilikuwa mara ya kwanza kunishika. "Mwanamume akimurudisha muke kwa kufundishwa na muke mwenzake, huyo hajarudishwa. Atakuwa amekaa kwa hisani yako. Mimi sitakaa kwa hisani."

Mimi wananiita mukaidi, na ni kweli. Siku ile nilikutana na mukubwa wangu. Nikaahidi kunyamaza.

Kaka yake, Célestin, alifika na baiskeli, asubuhi ileile ambayo Antoine alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kusoma kontere kwa mara ya kwanza. Célestin alibatizwa kwa Mapadri, alikuwa na musalaba shingoni, lakini mila ya ukoo alikuwa nayo yote. Alikutana na dada yake njiani, anapanda kutoka bondeni na mutungi. Waliingia uani pamoja. Mauwa akapita, akaingia ndani kufunga vitu vyake.

Bulaimu alikuwa bado hajaenda dukani. Akafurahi. "Shemeji! Karibu, karibu! Mama Feza, mupe mugeni maji."

Nikateka kwenye robine, nikamupelekea kwa mikono miwili. Célestin hakupokea.

"Asante, mama. Siwezi kunywa maji aliyokatazwa dada yangu."

"Aliyokatazwa na nani?" Bulaimu akauliza, angali anacheka.

"Na wewe, shemeji. Sikuja kwa ugomvi. Umemuacha, nimekuja kumuchukua. Mali mulizotoa tutarudisha kidogo kidogo, mbuzi kwanza."

Akamueleza lile neno la kwao. Nilimutazama Bulaimu, kicheko kinamutoka usoni kama rangi ya kitambaa kibaya.

"Mimi?" akasema. Kisha akapunguza sauti. "Mimi nilimukataza juu ya kontere! Wasijue kama kuna muke wa pili humu."

"Sasa uliogopa kichuma, ukaacha muke," Célestin akasema. "Kwetu hatujapata kuona. Watu wanaacha wake kwa uchawi, kwa uvivu. Kwa bomba, wewe ndiye wa kwanza."

"Nirudishe neno, basi. Linarudishwa vipi?"

"Unateka maji yaleyale uliyokataza, kwa mukono wako. Unamupa anywe, mbele ya watu, na unamuita kwa jina lake na kwa cheo chake. Muke. Si mudogo wa mutu."

"Vema. Tuingie ndani, tufunge mulango."

"Siku ile ulimuambia ndani?"

"Hapana. Hapa uani."

"Basi ni hapa uani."

Sasa tukasikia kelele barabarani. Antoine alikuwa ametoka kwa Emilienne, na nyuma yake mukia murefu wa wanawake waliotaka kusikia kontere zimesema nini. Emilienne alikuwa bado ameshika kikapu chake.

"Mutaa huu mulikufa?" Antoine alikuwa anauliza. "Sindano zote zimelala. Kule juu wametumia, hapa hakuna kitu."

"Sisi ni watu wa kiu kidogo, ajan," Emilienne akajibu.

Wakaingia kwetu, wote. Bulaimu akamusogelea Célestin, akamunong'oneza, "Kesho, shemeji. Huyu akishakwenda."

Mauwa akatoka ndani. Muzigo ulikuwa kichwani, mukeka kwapani. Feza alimufuata analia, ameshika kitenge chake. Mauwa alisikia lile neno la kesho.

"Kesho nitakuwa njiani, Baba Feza," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema muchele umekwisha.

Bulaimu akamuangalia Antoine. Akamuangalia Mauwa. Kisha akaniangalia mimi, kwa macho yale ya kuomba niseme kitu, maana miaka yote niliyasema mimi yale magumu. Nikamuangalia vilevile. Nilikuwa nimeahidi.

Antoine alikuwa amepiga magoti, anapangusa kioo cha kontere kwa kidole. Bulaimu akachukua kopo la bati juu ya ukuta, akaenda kwenye robine, akafungua. Sindano ikaanza kuzunguka.

"Ngoja, baba," Antoine akasema. "Ninasoma."

"Utasoma na hii pia."

Akajaza kopo mpaka likamwagikia mukono wake. Bulaimu alikuwa mutu wa sauti ndogo, mutu wa kuongea na pini mudomoni. Siku ile barabara ilimusikia.

"Mauwa binti Sefu! Muke wangu! Kunywa maji ya nyumba yako."

Mauwa akashusha muzigo. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akanywa yote, hakuacha tone. Kisha Célestin akasema, "Na mimi sasa nina kiu, nimetoka mbali," na Bulaimu akamutekea naye.

Watu wote uani wakatazamana. Walikuwa kama watu wanaojua kwamba kitu kimevunjika, hawajui kama wainame kuokota. Emilienne ndiye aliyeanza.

"Kumbe!" akasema. "Na mimi siku zote nilidhani ni mudogo wa Mama Feza. Namna wanavyofanana!"

Mimi ni mufupi, mweupe-mweupe, munene. Mauwa uliishasikia alivyo. Wanawake wakaangua kicheko, hata Célestin. Antoine akasimama, akapangusa goti.

"Mama zangu, sielewi munacheka nini, wala sitauliza. Mimi nilitumwa kusoma maji. Hiki kitu hakijui mutu. Mukioga kumi, au mumoja akinywesha bustani, kwake ni sawasawa."

"Na ulituuliza watu wangapi, juu ya nini?" nikamuambia.

"Juu ya kujua bomba la unene gani."

"Ee Yesu!" Emilienne akalia. "Na mimi ninaoga na vyura mwezi muzima!"

Mutaa wetu ulifungua robine zake siku ileile. Maji yalisikika kila lupango, mpaka bomba likawa linakohoa.

Antoine hakutusema kwa wakubwa wake, hilo ninaliamini mpaka leo. Lakini masikio yalikuwa mengi uani, na neno lililosemwa kwa sauti ile halirudi ndani ya kopo. Mwezi mupya haujaonekana, shefu wa sité akamuita Bulaimu. Nilikwenda naye, nikakaa mulangoni pa buro, ofisi yake. Shefu hakuwa mutu mubaya, na Bulaimu ndiye aliyemushonea koti.

"Fundi," akamuambia, "watu wanasema maneno. Wewe niambie tu: huyu mwanamuke ni shemeji yako. Niandike shemeji, urudi kwenye mashini yako."

Alimuwekea mulango wazi hivyo. Bulaimu nilimuona mugongo tu, shati limemuganda.

"Ni muke," akasema.

Shefu akapumua. "Basi unajua sheria."

Tukahama. Tulivuka mupaka wa sité, tukaomba kiwanja katika kijiji cha njia ya Kabambare, kwa chifu wa asili ambaye hakujali mutu ana wake wangapi mradi wanalima. Emilienne alibeba vyungu vyangu nusu ya njia, anatukana serikali na kunitukana mimi kwa kumuachia jirani asiyemujua. Lupango letu alipewa karani mumoja, na robine yake. Sitasema uongo, niliililia ile robine. Kiuno changu kiliililia zaidi. Bulaimu alitembea kila siku kwenda na kurudi kwenye mashini, viatu vikaisha, hakulalamika, na kama angelalamika ningemukumbusha mudomo ni wa nani.

Mauwa alizaa pale kijijini, vijana wawili na binti mumoja. Nyuma ya nyumba alipanda migazi, mustari mumoja, kisha mwengine. Wabeleji walipoondoka na ile sheria ikaondoka nao, Bulaimu akasema sasa turudi sité, tutapata tena lupango, tutapata maji. Mimi nilishaanza kufunga vitu. Mauwa alikuwa amekaa kwenye kigogo, anamenya ngazi, matunda ya migazi yake, mafuta yamefika kwenye viwiko.

"Nendeni," akasema. "Mimi migazi yangu ndiyo inaanza kuzaa."

Bulaimu akaniangalia. Nikafungua muzigo, nikarudisha sufuria mahali pake.